Semina, kozi ya mtandaoni au mlezi kazini: huduma ipi inamfaa mkuu mpya wa shule?

Mwalimu anapoteuliwa kuwa mkuu wa shule ya umma, huduma za mafunzo zinazomfikia ni za aina tatu: semina ya siku chache ukumbini, kozi ya mtandaoni ya miezi kadhaa, na mlezi, yaani kiongozi mzoefu wa shule anayemtembelea shuleni kwake kwa mwaka mzima. Zote huitwa mafunzo ya uongozi na zote humalizikia kwenye cheti. Lakini ukizipima kwa swali moja, yaani mkuu huyu sasa anaweza kufanya lipi ambalo hakuliweza kabla, utaona zimeachana mbali. Ya tatu ndiyo inayostahili muda wa mtu mwenye shule mkononi, ilimradi imepangwa vizuri. Isipopangwa, ni heri semina.

Uzito wa suala hili si wa kubahatisha. Mwaka 2021 watafiti Jason Grissom, Anna Egalite na Constance Lindsay walikusanya tafiti za miaka 20 za Marekani na kukadiria kwamba shule ikiachana na mkuu dhaifu na kupata mkuu hodari, mwanafunzi wa kawaida hupata maendeleo yanayolingana na karibu miezi 3 zaidi ya masomo kwa mwaka, katika hisabati na katika kusoma. Mwalimu bora huwainua wanafunzi wa darasa lake. Mkuu bora huigusa shule nzima. Kwa hiyo mafunzo mabovu ya mkuu mmoja ni hasara ya mamia ya watoto.

Tuanze na semina. Kwa kawaida ni siku 3 hadi 5, na mada zake zinajulikana: sheria na kanuni za utumishi, fedha na manunuzi, nidhamu, takwimu za shule, uhusiano na kamati au bodi. Ubora wake ni kwamba kanuni unazipata kutoka kwa wanaozisimamia, na fomu unaziona zikiwa zimejazwa ipasavyo. Kwa mtu ambaye hajawahi kuidhinisha hati ya malipo, hilo peke yake linatosha kumpeleka. Udhaifu wake ni kwamba mifano yote ni ya shule ya kufikirika. Mshiriki ananakili slaidi, anarudi, anakuta ofisini kuna mzazi analalamika, walimu wawili hawapo na ratiba imegongana, na yale ya ukumbini hayana pa kuanzia. Mwenye nafasi ya kwenda semina asiende mikono mitupu: abebe orodha ya walimu na vipindi vyao, mihutasari 3 ya mwisho ya vikao, ratiba inayotumika na nakala ya daftari la fedha, kisha wakati wa mazoezi afanyie kazi karatasi zake mwenyewe badala ya zile za mwezeshaji.

Kuna kasoro nyingine ya semina iliyo ngumu kuiona kwa haraka, nayo ni mgawanyo wa saa. Nidhamu na mazingira tulivu hupewa nafasi kubwa, ilhali kujifunza kwa walimu hupitiwa juujuu. Uchambuzi wa Viviane Robinson na wenzake, uliotoka mwaka 2008, ulilinganisha mambo matano ambayo viongozi wa shule hufanya. Lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi lilikuwa mkuu kuhimiza mafunzo ya walimu wake na yeye mwenyewe kushiriki (0.84 kwa kipimo chao cha ukubwa wa athari). Kuweka mazingira yenye utulivu na nidhamu kulipata 0.27. Utulivu unahitajika, hakuna anayepinga, ila ni sakafu ya kusimamia tu. Semina inayoishia kwenye sakafu imemwacha mkuu nusu ya njia.

Kozi ya mtandaoni haihitaji maneno mengi. Inafaa kwa kusoma, kwa kurudia somo usilolielewa, na kwa kukutana na wakuu wenzako wa mbali. Haifai pale kazi zake zote zinapokuwa insha, kwa sababu mtu anaweza kuandika vizuri sana kuhusu mrejesho kwa mwalimu bila kuwahi kumpa mwalimu mrejesho. Kabla ya kujiandikisha uliza: ni kazi ngapi zinazodai ushahidi kutoka shuleni kwangu, ni nani anazisahihisha na je, amewahi kuongoza shule, majibu yanarudi baada ya siku ngapi, na cheti kinatambuliwa na mwajiri wangu katika kupandishwa cheo? Angalia pia kalenda. Moduli nzito ikiangukia msimu wa mitihani, wengi watakwama hapo hapo.

Sasa mlezi. Huduma hii ikiwa kamili huwa na ziara 10 hadi 12 kwa mwaka, kila moja ya saa 3 au zaidi, na mazungumzo mafupi ya simu katikati. Ziara ya kwanza iwe ndani ya wiki 2 za kuripoti kazini, kwa sababu makosa ya makabidhiano hayasubiri muhula wa pili. Hapa ndipo thamani ya mlezi inapoonekana wazi, na ni vizuri kuitazama kwa karibu.

Makabidhiano ya shule mara nyingi hufanyika kwa saa moja: funguo, mhuri, orodha ya samani, sahihi mbili. Mlezi mzuri hakubali. Anamkalisha mkuu mpya na mhasibu au mwalimu anayeshika fedha, kisha wanapitia vitu kwa mpangilio. Kwanza, vitabu vya stakabadhi: vilivyotumika, vinavyotumika na vitupu, namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kimoja. Pili, hundi ambazo hazijatumika, kwa namba. Tatu, wanalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ya siku ileile. Tuseme daftari linaonyesha salio la 1,840,000, na benki inaonyesha 2,315,000. Mkuu mgeni atafurahi kwamba benki kuna zaidi. Mlezi atauliza ni hundi zipi zimetolewa lakini hazijafika benki. Zikipatikana mbili, ya 310,000 na ya 190,000, salio halisi la benki ni 1,815,000. Bado kuna tofauti ya 25,000, ambayo ikitafutwa inaonekana ni makato ya benki ambayo hayakuandikwa daftarini. Yakiandikwa, pande zote mbili zinasoma 1,815,000, na hapo ndipo sahihi inawekwa. Tofauti isiyopata maelezo huandikwa kwenye hati ya makabidhiano kama ilivyo, kwa tarakimu na kwa maneno, na anayeondoka anatia sahihi chini yake. Usipofanya hivyo, mkaguzi atakapofika deni hilo litakuwa lako.

Baada ya fedha ni stoo. Hapa kosa la kawaida ni kuhesabu vilivyopo bila kufungua leja, yaani daftari la mali za shule. Kinachotakiwa ni kuchagua vitu 10 kutoka kwenye leja na kuvitafuta stoo, halafu kuchagua vitu 10 kutoka stoo na kuvitafuta kwenye leja. Njia ya kwanza hufichua vilivyopotea. Ya pili hufichua vilivyoingia bila kuandikwa. Mwishoni hubadilishwa watia saini wa akaunti, na benki ipewe barua siku hiyohiyo pamoja na mhutasari wa kikao kilichoidhinisha.

Ziara kuanzia ya tatu zinahamia madarasani, na hapo huduma nyingi za ulezi hupoteza mwelekeo. Mlezi aliyekuwa mkuu hodari anaingia darasani, anaona kasoro, na anamrekebisha mwalimu yeye mwenyewe. Mwalimu amesaidika, mkuu hajajifunza kitu, na walimu wameanza kumwona mlezi kuwa ndiye bosi. Utaratibu unaofaa ni huu: mkuu na mlezi wanakaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kila mmoja na karatasi yake. Kila baada ya dakika 5 wanaandika wanafunzi wanafanya nini, wangapi wanaandika, wangapi wanatazama dirishani, nani ameulizwa na nani amejibu. Hakuna kuweka alama wala vema. Wakitoka, wanalinganisha karatasi kabla mkuu hajakutana na mwalimu. Mara nyingi tofauti ni kubwa: mkuu ameandika "mwalimu anajiamini, ubao umepangwa", mlezi ameandika kwamba maswali 14 kati ya 17 yalijibiwa na wanafunzi walewale 4 wa mbele. Pengo hilo ndilo somo la siku.

Kisha mkuu anaongea na mwalimu, ndani ya saa 24, kwa dakika 15 hadi 20. Mlezi yupo lakini ananyamaza. Anachokipima sasa ni mazungumzo ya mkuu: je, alianza na ushahidi au na hukumu, alichagua jambo moja au alimwaga mambo tisa, walifanya jaribio la namna ya kuuliza maswali palepale au waliishia kwenye "jitahidi", na waliweka tarehe ya kurudi darasani? Tarehe isizidi wiki 2. Fomu ndefu ya ukaguzi yenye vipengele 30 huharibu kazi hii yote, kwa kuwa mkuu anashughulika kujaza visanduku na mwalimu anasikiliza jumla ya alama tu. Fomu hiyo iachwe kwa ajili ya tathmini rasmi ya mwaka.

Kinachovunja huduma ya ulezi mara nyingi si ujuzi mdogo wa mlezi. Ni mpango mbovu. La kwanza ni kumpa ulezi ofisa yuleyule anayemtathmini mkuu. Mtu hawezi kumwambia anayeandika ripoti yake kwamba ratiba imemshinda. La pili ni usiri usioandikwa: mkuu anamweleza mlezi habari ya makamu wake, wiki inayofuata makamu anaijua. Makubaliano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja, yakisema nini kinabaki kati yao na nini lazima kitolewe taarifa, kama vile hatari kwa mtoto au wizi wa fedha za shule. La tatu ni kulinganisha watu kwa urahisi wa usafiri. Mlezi aliyeongoza shule ya wanafunzi 1,500 yenye wasaidizi wawili na karani hamwelewi haraka mkuu wa shule ya walimu 6 ambaye mwenyewe anafundisha vipindi 18 kwa wiki. La nne ni mlezi kupewa wakuu wengi kupita kiasi. Akiwa na zaidi ya 8 huku bado ana kazi yake nyingine, ziara zinageuka kuwa simu, na simu zinageuka kuwa salamu.

Kuhusu muda wa kuanza, huduma nyingi zinachelewa. Ngazi ya kawaida ni mwalimu wa darasa, mkuu wa idara, mwalimu wa taaluma, makamu, kisha mkuu, na katika ngazi hizo mtu anaweza kufika juu bila kuwahi kupanga bajeti. Makamu wengi huachiwa nidhamu na ratiba tu. Singapore huwatoa makamu shuleni kwa miezi kadhaa ya mafunzo ya muda wote kabla ya kuwapa shule. Uingereza ilianzisha sifa ya kitaifa ya ukuu wa shule, yaani cheti cha kufuzu, mwaka 1997, ikaifanya ya lazima kwa wakuu wapya mwaka 2009 huko England, kisha ikairudisha kuwa ya hiari mwaka 2012. Pasipo mfumo kama huo, mkuu anaweza kumwandaa makamu wake bila gharama: amkabidhi rasimu ya bajeti ya idara moja, kikao kimoja cha kamati cha kuendesha, na mzunguko mmoja kamili wa kutembelea madarasa kila muhula. Huduma ya ulezi inayomkubali makamu kukaa katika ziara hizo, japo pembeni, ina ubora wa ziada.

Wapo ambao huduma hii haiwafai. Mkuu mwenye shauri la kinidhamu au kesi ya fedha anahitaji wakili au chama chake cha walimu, si mlezi. Shule iliyo katikati ya kuhamishwa au kuunganishwa na nyingine isubiri mpaka ikama, yaani idadi na mgawanyo wa watumishi, itulie, maana ziara zote zitamezwa na barua.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua semina fupi ya fedha na sheria mwezi wa kwanza, mlezi mwaka mzima, na kozi ya mtandaoni mwaka wa pili, utakapokuwa na maswali yako mwenyewe ya kuipeleka. Mlezi anapomaliza, mwombe jalada la ziara zote: karatasi za madarasani, tarehe zilizowekwa na zilizotimia, ulinganisho wa fedha wa kila muhula. Jalada hilo hubaki ofisini kwa ajili ya atakayekufuata, isipokuwa kurasa za mazungumzo yenu wawili, ambazo ni zako na huondoka nawe.