Kibanda cha kuchapa CV, Kadutu: nitarudi

Nilipeleka CV yangu kuchapwa katika kibanda kimoja hapa Kadutu, Bukavu. Naomba kazi ya kutunza stoo. Mwishoni nilikuwa nimeandika tu: gemu, mpira, muziki. Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) anayechapa akasimamisha vidole. "Mdogo wangu, kila kijana anapenda hivyo. Hiyo gemu uliifanyia nini?"

Nikamwambia mtaani niliandaa mashindano ya mpira wa PlayStation: wachezaji 16, mechi 15, siku mbili, na daftari la viingilio lilikuwa mikononi mwangu mpaka faranga ya mwisho. Akafurahi kweli! Muziki akaufuta. CV za Kifaransa zina sehemu ya mapendeleo chini kabisa, na hapo akaweka mstari mmoja: nimeandaa mashindano, nimetunza hesabu. Mwenye stoo anatafuta mtu wa namna hiyo, si anayecheza hadi usiku wa manane.

Karatasi ya kwanza ilitoka na wino hafifu, wakairudia bila kunidai. Foleni ni ndefu asubuhi, afadhali mchana. Yule yaya anasoma unachomletea, na wachapaji wengi niliowahi kuwaendea hawasomi.