Redio ndogo ya memori kadi yenye Biblia ya kusikiliza, kwa mzee anayeshinda peke yake

Ni zile redio za mkononi zenye tundu la memori kadi na la flashi, zinazouzwa kwenye maduka ya simu na vibandani. Ukiijaza Biblia ya kusikiliza ukampelekea mgonjwa wa kitandani, mjane ambaye watoto wako mbali, au mzee ambaye macho hayasomi tena, inafanya kazi kubwa. Lakini ikipelekwa ovyo, wiki ya pili utaikuta kabatini imezimwa, na mwenyewe amerudi kutazama ukuta.

Simu ina nafasi yake. YouVersion, programu ya kanisa la Life.Church la Marekani iliyoanza mwaka 2008, ina Biblia za Kiswahili, ila kusikiliza kunataka bando. Bible.is ya shirika la Faith Comes By Hearing inakuruhusu kupakua sauti kwanza ukasikiliza bila mtandao. Kwa binti anayefanya kazi za ndani Muscat, mwenye simu na spika za masikio, hiyo ya pili inatosha kabisa. Kwa bibi wa miaka themanini kioo cha kugusa ni adha: kidole kikavu hakisomeki, tangazo linajitokeza, mtu anapiga katikati ya zaburi. Redio ina vitufe vya kubonyeza, na hapo ndipo inapoishinda simu.

Kadi iwe ya GB 32 au chini yake, kwa sababu za GB 64 huja na mpangilio wa exFAT ambao redio nyingi za aina hii haziusomi. Wala huhitaji kubwa: sauti ya kbps 64 (kipimo cha ubora wa sauti) inakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo hata GB 4 inabeba Biblia nzima. Ifomati kwa mpangilio wa FAT32, kisha majina ya faili yaanze na tarakimu tatu: 001, 002, 003. Ukiacha «Zaburi 1», «Zaburi 2», redio itatoka ya 1 kwenda ya 10. Nyingine hazitazami jina hata kidogo, zinacheza kwa mfuatano ulionakili, hivyo nakili faili moja moja kwa zamu, usizibebe zote kwa mpigo.

Kosa kubwa, na ni la watu wenye nia njema, ni kuweka Biblia yote. Ina sura 1,189. Msikilizaji aliyelala akiamka yuko katikati ya nasaba za Mambo ya Nyakati, hajui arudi vipi, anazima. Weka ya wiki moja tu, kama saa moja na nusu. Kwa mtu mpweke sisi tungeanza na Zaburi 13, 25, 27, 42, 62, 68, 71, 102, 121 na 139, halafu 1 Wafalme 19, Ruthu yote, Yohana 14 hadi 16, Wafilipi yote, na 2 Timotheo 4. Zaburi ya 71 inaomba Mungu asimtupe mtu wakati wa uzee. Ya 102 ina yule shomoro aliye peke yake juu ya nyumba, na yeyote anayekesha atamtambua. Katika 1 Wafalme 19, Eliya anataka kufa, na malaika hamhubirii: anamwamsha ale mkate na kunywa maji, anamwacha alale, kisha anamlisha tena. Msikilizaji akifika hapo anajua kwamba uchovu wake si upungufu wa imani.

Watu huuliza kuhusu Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja. Iwekeni. Aliyefiwa anapoisikia hujua kwamba hata kilio kisichopata jibu ni sala, na kimo ndani ya Maandiko. Ila isiwe ya mwisho, maana redio nyingi hazina saa ya kujizima na usiku ni mrefu. Ifuatisheni na ya 121, kisha faili la ukimya lenye urefu wa saa nane. Kwa kbps 32 halizidi MB 120, na linazuia sauti kuanza upya saa tisa usiku.

Tafsiri nayo ina uzito. Waliokulia na tafsiri ya Union Version ya 1952 wana mistari yake kichwani, na wataanza kuisema pamoja na msomaji. Kwao Habari Njema, ingawa ni nyepesi kueleweka, inasikika kama mgeni. Kijana mpe Habari Njema. Mwenye masikio mazito mtafutie rekodi ya sauti moja isiyo na muziki nyuma, kwa sababu ngoma na kinanda humeza maneno.

Upande wa chombo chenyewe, kinachosumbua zaidi ni kitufe cha MODE. Kikiguswa, redio inahamia FM na mzee anadhani imekufa. Kifunike kwa plasta. Juu ya kile cha kuchezesha gundisha punje ya mchele, kidole kitakiona gizani. Betri huwa ni ile bapa ya simu za zamani, BL-5C, na hata fundi wa mtaani anayo. Ikivimba itolewe siku hiyo hiyo. Kipande cha sola kilichobandikwa mgongoni msikitegemee, ni kidogo mno. Chajini kwa waya wa volti 5.

Kuna mahali redio haifiki. Mtu akiacha kula, akikosa usingizi, au akisema heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali bila kungoja siku ya ibada.

Na Paulo mwenyewe, kifungoni, katika ile 2 Timotheo 4, hakuandika kwamba Bwana anamtosha hivyo watu wasisumbuke. Alisema Bwana alisimama pamoja naye, na katika barua hiyo hiyo akamwomba Timotheo aje upesi, kabla ya wakati wa baridi, amletee joho na vitabu. Kwa sababu hiyo ule uchache wa yaliyomo kwenye kadi tunauhesabu kuwa sifa ya mpango huu: ya wiki ikiisha, lazima mtu aje. Nunueni kadi mbili, jumuiya au mzee wa kanisa ashike moja. Anayekuja abadilishe, akae, aulize ipi imerudiwa mara nyingi, waisikilize wote wawili hadi mwisho kabla ya kuaga. Na kama mliahidi Jumamosi saa kumi, iwe Jumamosi saa kumi, kwa sababu tangu saa nane atakuwa ameshageuza kiti kielekee mlangoni.