TAHADHARI: Jihadharini na "fundi wa usukani" anayewazungukia wenye magari ya zamani hapa Pwani

Ndugu zangu mlio na Datsun, Peugeot 504, Volkswagen na magari mengine ya kale, kuna mtu anazunguka Mombasa hadi Malindi akijiita fundi wa kukarabati usukani. Mkipewa namba yake, msimkabidhi gari. Amenichukulia usukani wa asili wa Datsun 120Y ya marehemu baba yangu na kunifungia wa bandia, ambao nusura unitoe roho karibu na Daraja la Nyali. Pesa zilizokwenda si nyingi. Kinachonifanya niandike ni lile gari alilonirudishia, na mimi nikawapakia watoto wangu ndani yake.

Baba alilinunua gari hili mwishoni mwa miaka ya 1970, enzi za Datsun kutamba katika Safari Rally. Dereva Shekhar Mehta alikuwa ameshinda na Datsun 240Z mwaka 1973, na baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha gari la Violet. Baba hakuwahi kushindana na mtu, lakini lile gari alilipenda, na mimi nimelitunza tangu alipofariki. Jua la huku mnalijua. Plastiki ya usukani ilikuwa imepasuka sehemu tatu, chuma cha ndani kinaonekana, na ukiendesha safari ndefu mipasuko inakukwaruza viganja. Nikaanza kuuliza ni nani anayeweza kuuziba bila kuuharibu.

Rafiki mmoja akanitumia namba. Picha za kazi zake zilikuwa nzuri mno: usukani wa kila aina uking'aa kama umetoka kiwandani leo. Akaniambia ameshatengeneza magari yaliyopelekwa kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong, na mengine ya Safari ya magari ya kale. Sikumwomba jina la hata mwenye gari mmoja. Tukakubaliana shilingi 8,000, nusu nitangulize kwa M-Pesa. Akasema usukani atauchukua siku nne, na ili gari lisilale ataniwekea "wa kuazima".

Alifika Jumamosi asubuhi na mkoba mdogo: nyundo, bisibisi mbili, spana mbili na kipande cha bomba. Betri hakuichomoa. Alifungua kifuniko cha honi, akafungua nati ya katikati huku usukani umejifunga kwenye loki yake, yaani loki ndiyo iliyokuwa ikizuia nguvu yote ya ile spana. Nati ilipotoka na usukani ukakataa kuchomoka, alikaa kwenye kiti, akaanza kuuvuta kwa magoti huku anagonga kwa nyundo ncha ya shafti, ile fimbo ya chuma inayobeba usukani. Nilihesabu mapigo kama kumi na mawili. Nilimuuliza kama hilo si tatizo. Akasema, "Mzee, haya ni magari ya chuma, si kama haya ya siku hizi."

Jamani, hapo ndipo uongo wake ulipo, na ndipo nataka kila mtu aelewe. Magari mengi ya miaka ya 1970 hayana shafti ya usukani ya chuma kimoja kilichonyooka. Marekani ilianza kudai mwaka 1968 kwamba magari mapya yawe na usukani unaofyonza nguvu ya ajali, na watengenezaji wa Japani waliokuwa wakiuza huko wakafuata. Shafti huwa ya vipande viwili, kimoja kimeingia ndani ya kingine, vikashikiliwa na pini laini za plastiki. Gari likigonga, pini hukatika na shafti huingia ndani badala ya kumchoma dereva kifuani. Sasa ukiigonga ile ncha kwa nyundo, unazikata pini hizo gari likiwa limesimama nyumbani kwako. Vitabu vya ufundi vya Datsun vinakataza waziwazi: usigonge ncha ya shafti kwa nyundo. Fundi anayejua kazi hutumia pula, kifaa cha kuuvuta usukani utoke. Katikati ya usukani kuna matundu mawili madogo yenye thredi. Bolti mbili za pula zinaingia humo, ile ya kati inasukuma shafti taratibu, na usukani unatoka bila kelele.

Aliondoka na usukani wa baba saa nne asubuhi. Ule wa kuazima ulikuwa mwepesi, ngozi ya kubandika, umbo la michezo. Siku nne zikawa wiki. Mara epoksi, gundi ya kuzibia, haijakauka, mara rangi imekwisha, mara ana msiba Kilifi. Wiki ya pili akaomba 3,500 zaidi, eti thredi za nati zimeliwa na atachonga nyingine. Nikatuma, nikijua bado ana mali yangu. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Lakini tayari nilikuwa nimeshahisi kitu. Usukani ulikuwa unacheza. Ukiuvuta kuelekea kwako unakuja kidogo, ukiusukuma unarudi. Honi ilikuwa inalia peke yake kwenye kona. Indiketa haikuwa ikijizima baada ya kukata kulia. Nilijiambia ni kwa sababu ni wa kuazima. Siku ile ninatoka Kongowea na wanangu wawili wako nyuma, nakata kushoto kuingia barabara ya daraja, mikono ikazunguka na tairi zisifuate. Robo nzima ya mzunguko, hakuna kitu. Kisha ukashika tena kwa kishindo. Nilipanda ukingo wa barabara na kusimama. Tuk-tuk iliyokuwa nyuma ilinikwepa kwa kiasi cha mkono mmoja. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa mwendo wa chini.

Gari lilivutwa hadi kwa mzee mmoja anayefahamu magari haya tangu yakiwa mapya. Alipoutoa ule usukani, kwa pula, bila kugonga hata mara moja, alinionyesha kitu ambacho sitakisahau. Meno ya ndani ya tundu la ule usukani, yanayoshikana na meno ya shafti, hayakuwa ya Datsun kabisa. Tundu lilikuwa kubwa kuliko shafti, na yule mtu alikuwa amekata ukanda wa bati la kopo la soda, akauzungushia kwenye meno ya shafti ili usukani ubane, kisha akaukandamiza kwa nati. Rangi nyekundu ya kopo bado ilikuwa inaonekana. Bati lilikuwa limesagika kuwa unga unaong'aa, na meno ya shafti upande mmoja yamelainika kama sabuni. Kilichokuwa kinaunganisha mikono yangu na tairi ni kopo la soda. Shafti nzima imebidi itafutwe nyingine, kwa sababu pini pia zilikuwa zimekatika. Hiyo ndiyo iliyokuwa inacheza mbele na nyuma.

Nimeshazungumza na wengine wawili, mmoja wa Malindi mwenye Peugeot 504, mwingine wa hapa hapa mjini mwenye Volkswagen. Hatua ni zile zile: picha nzuri, nusu ya malipo mbele, usukani wa kuazima, kisha thredi zimeliwa ongeza pesa. Usukani wao pia haujarudi. Kwa magari ambayo spea zake zinatafutwa kwa tochi, usukani mzima wa asili una mnunuzi hata ukiwa na nyufa, na naamini hiyo ndiyo biashara yenyewe. Ukarabati ni kisingizio cha kuutoa kwenye gari. Jina lake sitalitaja wala namba sitaiweka, maana nimeshaandikisha polisi na sitaki kuharibu kesi.

Kama mtu huyu ameshaligusa gari lako, usiliwashe kwanza. Kaa kwenye kiti, shika usukani kwa mikono miwili, uvute kwako na uusukume, kisha uuinue juu na chini. Ukisikia unakuja na kurudi, au unasikia kidude kinagonga ndani ya bomba la usukani, gari lisitoke. Mwombe mtu asimame nje atazame tairi za mbele huku wewe unazungusha polepole kidogo tu: tairi zikichelewa kuitika, huenda ni meno au ni viungo vya chini, na vyote vinataka fundi leo leo. Halafu utazame ulivyokaa tairi zikiwa zimenyooka. Ukiwa umelala upande, basi aliyeufunga hakuweka alama.

Na kama unataka kuutoa kwa ajili ya ukarabati, utolewe mbele yako na ubaki kwako. Tairi zinyooshwe, waya hasi wa betri uchomolewe, na alama ya rangi ipigwe kwenye shafti na kwenye usukani ili virudi meno yale yale. Nati ilegezwe huku mtu ameushika usukani kwa mikono, si kwa loki, na isitolewe yote. Ibaki mizunguko michache, kwa sababu usukani ukiachia ghafla huja moja kwa moja usoni. Mtu asiye na pula mwambie akaitafute. Wakati wa kufunga, nati ikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Nyufa zenyewe si kazi ya ajabu: hupanuliwa kwa msasa hadi kwenye plastiki safi, kutu ya chuma ikasuguliwa, zikajazwa epoksi ngumu, zikapigwa msasa na rangi. Kazi hiyo fundi anaweza kuifanyia barazani kwako ukiwa unamwona. Nati ya katikati huku kwangu sasa haimfungukii mtu nisiyemfahamu.

Usukani wa baba nauomba kwenu. Ni mweusi, wa 120Y, wenye mipasuko mitatu. Mpasuko mkubwa uko chini upande wa kulia, na jirani yake plastiki imelika na kulainika pale baba alipokuwa akiegemeza kidole gumba. Nyuma, kwenye mkono mmoja, kuna herufi mbili alizozichora kwa ncha ya msumari. Sitazitaja hapa, nitazitumia kuuthibitisha. Ukiuona dukani, sokoni au kwenye picha ya mtu anayeuza, usibishane naye. Piga picha, uliza bei, kisha nitafute inboksi. Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ninayo.