Logging ya Python, baada ya miezi minane Kibirizi

Programu ninayoihudumia ni ya mizani na madeni ya wauzaji dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mwanzoni nilitumia print tu, amri ya kuonyesha maandishi kwenye skrini. Siku moja mama mmoja akanijia: "Mwanangu, jana saa nne asubuhi nimelipa, mbona bado nadaiwa?" Sikuwa na jibu. Maandishi ya print yalipotea seva ilipojiwasha upya usiku. Mimi nilimwamini, ila mwenye mali alitaka ushahidi.

Ndipo nikahamia kwenye logging, moduli ya kuandika kumbukumbu (logi) za yanayotokea kwenye programu, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003. Hulipii wala hupakui chochote. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana nina sababu nayo.

Ngazi za uzito wa ujumbe ziko tano: DEBUG ni 10, INFO 20, WARNING 30, ERROR 40, CRITICAL 50. Usipogusa kitu, inaanzia WARNING; za chini yake haziandikwi. Nikaweka logger.info kwenye kila malipo, nikaenda kulala. Asubuhi hakuna hata mstari mmoja. Nikaongeza basicConfig, amri ya kupanga mipangilio ya logging, kimya vilevile. Kumbe maktaba nyingine niliyoiita ilishaweka handler yake (kipande kinachopeleka ujumbe kwenye faili au skrini) kwenye mzizi, yaani logger kuu, na basicConfig ikikuta hivyo haifanyi lolote wala hailalamiki. Dawa ni force=True, iliyopo kuanzia toleo la 3.8. Jambo hili lilinila jioni mbili nzima. Walipaswa kutoa onyo, hata la mstari mmoja.

Halafu kuna saa. Logi hufuata saa ya mashine, na seva yangu ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mama anasema saa nne, simu yake inasoma 10:00, logi imeandika 07:00. Ukitafuta malipo ya mtu kwa namna hiyo utamwonea. Seva nimeihamishia Africa/Dar_es_Salaam.

Kinachonifurahisha zaidi ni RotatingFileHandler, inayofungua faili jipya la zamani likijaa. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, na asubuhi malipo yanamiminika. Niliwahi kusahau DEBUG ikiwa wazi, diski ikajaa. Sasa kila faili lina mwisho wa MB 5, na nyuma yake nakala tano, basi. Angalia tu usiache maxBytes (ukubwa wa faili) au backupCount (idadi ya nakala) kwenye sifuri, kwa sababu hapo faili halizunguki kamwe. Na namba za simu za wateja usiziandike humo.

Wiki iliyopita mama yuleyule alirudi na lalamiko lilelile. Safari hii nilikuwa na logger.exception, inayoandika kosa pamoja na njia yote lilikopitia:

10:12:31 ERROR malipo: risiti 418 haikuhifadhiwa

Chini yake palionekana kwamba hifadhidata ilikuwa imefungwa na kazi nyingine. Nikamgeuzia skrini. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha mezani: 418.