Kimea cha shayiri cha Kichina: uzoefu wangu wa tumbo na wa kumlikiza mtoto

Kimea hiki, yaani shayiri iliyochipuzwa kisha ikakaushwa, Wachina wanakiita mai ya. Nimekitumia kwa mambo mawili tangu nihamie Guangzhou na mume wangu, kwanza kwa ajili ya kumlikiza mwanangu, yaani kumwachisha ziwa, kisha kwa ajili ya tumbo. Naandika kwa sababu wadada wa nyumbani huniuliza sana habari za "shayiri ya Kichina", na kila nikiwauliza wameona nini hasa, kila mmoja anaeleza kitu kingine.

Mimi ni mtu wa Tanga. Shayiri naijua kwa shurba ya Ramadhani na kwa talbina, uji wa shayiri ambao bibi alikuwa akimpikia mgonjwa. Kwa hiyo mama mwenye nyumba aliponiona nimeshika tumbo akaniambia ninywe mai ya, na simu ikanitafsiria kuwa ni shayiri, sikuwa na wasiwasi. Mwaka ule wa kwanza chakula kilikuwa kinanielemea. Asubuhi mikate ya mvuke, mchana wali, usiku tambi. Nikilala tumbo limejaa kama ngoma, napiga mbweu mpaka usiku wa manane.

Nikaingia duka la karibu, nikaandika "shayiri" kwenye simu, nikamwonyesha muuzaji. Akanifungia punje nyeupe, nono, zenye mfereji wa kahawia katikati. Nilizichemsha wiki nzima. Hazikunidhuru, ila tumbo lilibaki vilevile.

Baadaye ndipo nikajua kwamba zile hazikuwa shayiri kabisa. Ni yi mi, jamaa wa zile mbegu ngumu ambazo watu huzitunga shanga na tasbihi. Maduka mengi yanayouza vyakula vya Asia huziandika "shayiri" kwenye pakiti, na programu za kutafsiri zinarudia kosa hilohilo. Katika tiba ya Kichina yi mi ina kazi yake nyingine, ya kutoa kile wanachokiita unyevu mwilini, na wajawazito hukatazwa. Ukiona punje kubwa nyeupe yenye mfereji mpana, jua si hii ninayoisifu hapa.

Mai ya yenyewe niliipata soko la Qingping, karibu na kisiwa cha Shamian, ambako harufu ya mizizi na magome inakupokea kabla hujaona duka. Mzee mwenye duka alinimwagia kiganjani punje kavu za rangi ya manjano, bado zina maganda, na nyingine zina vimikia vilivyokauka. Nikacheka kwa furaha. Hiki ni kimea! Ni kilekile tunachokifanya kwa ulezi kwa ajili ya togwa. Shayiri inalowekwa, inaachwa ichipue mpaka chipukizi lifike kama milimita 5, kisha inakaushwa. Mtu yeyote aliyewahi kutia unga wa kimea kwenye uji mzito wa mtoto akauona unalainika mbele ya macho yake hahitaji kufundishwa kwa nini Wachina wanakipa kazi ya kuyeyusha wali na tambi tumboni. Vimeng'enya vinavyozaliwa punje inapochipua ndivyo vinavyouvunja wanga.

Lakini mzee hakunipimia. Alimtazama mwanangu mgongoni, ndani ya kanga, akauliza: ananyonya? Alikuwa na miezi tisa, nikasema ndiyo. Mzee akarudisha kimea mtungini na kutikisa kichwa. Alinieleza polepole, kwa mikono zaidi kuliko maneno, kwamba kimea hiki kinakausha maziwa. Badala yake akanipa vipande vya shan zha, tunda dogo jekundu lenye ukali, ambalo kwao ni dawa ya aliyeshiba nyama kupita kiasi. Lilinisaidia kidogo. Yule muuzaji wa kwanza hakuniuliza swali lolote, ingawa mtoto alikuwa mgongoni vilevile. Huyu mzee nitamshukuru daima.

Nilirudi kwake mwanangu alipotimiza miaka miwili. Safari hii nilikwenda kwa daktari wa tiba ya Kichina kwanza. Akaniandikia kimea kilichokaangwa, chao mai ya, gramu 60 kwa siku, kuchemshwa na kunywewa kwa mafungu. Kwa tumbo la kawaida kipimo chao ni gramu 10 hadi 15 tu, kwa hiyo ona tofauti ilivyo kubwa. Kinauzwa cha namna tatu: kibichi, kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, na kilichounguzwa karibu na weusi. Waganga wenyewe hawakubaliani kama kinachokausha maziwa ni ule ukaangaji au ni wingi wa kipimo, na wengine husema kwamba kidogo kinaongeza maziwa ilhali kingi kinayakata. Ndiyo maana sikushauri ujipimie mwenyewe kwa kikombe cha chai.

Ladha si mbaya hata kidogo. Ni kama maji ya ukoko wa ugali uliochomeka vizuri, na utamu kwa mbali. Siku ya pili matiti yalikuwa bado yanauma, nikawa nakamua kidogo tu ili yasijae mno. Siku ya nne yalilegea, na kufika siku ya saba nililala usingizi mzima bila kulowesha nguo. Niseme kweli: nilikuwa nimeshampunguzia mtoto kunyonya kwa mwezi mzima kabla yake, basi siwezi kukipa kimea sifa zote. Ila kwa kifungua mimba wangu, niliyemlikiza Tanga bila dawa yoyote, niliteseka wiki tatu. Nawe dada yangu unayesoma, titi likiwa gumu, jekundu, na homa juu yake, hilo si la kimea tena. Nenda hospitali.

Kwa tumbo nakitumia hadi leo, maana sasa sinyonyeshi. Daktari alisema kwao kimea hiki ni kitamu kwa tabia, si cha moto wala si cha baridi, na kinakwenda kwenye bandama na tumbo. Bandama wanayoisema wao ni ile nguvu nzima ya kusaga chakula, si kiungo peke yake. Nimejaribu kukichemsha na nimejaribu kukisaga kikiwa kibichi nikakitia kwenye uji uliokwisha kupoa kidogo. Kwangu huu wa pili unafanya kazi upesi zaidi, nami naona sababu iko wazi: moto mkali unaviua vile vimeng'enya. Wazee wa Qingping hawatakubaliana nami, kwa sababu wao kwa tumbo lililokwama huchagua kilichounguzwa.

Chai ya shayiri iliyokaangwa bila kuchipuzwa, damai cha, ni jambo jingine tena. Migahawa mingi huiweka mezani. Haina kafeini, inanukia kama kahawa nyepesi, na mume wangu ameacha soda kwa ajili yake. Sijaiona ikiponya kitu, ila ni kinywaji kizuri. Ukitaka faida ya moyo, kula shayiri yenyewe, nzima, kwenye shurba: nyuzi zake za beta-glukani ndizo zinazopunguza kolesteroli, na Marekani mamlaka ya chakula na dawa imeruhusu iandikwe kwenye pakiti kwamba zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za nyuzi hizo kwa siku. Asiyeweza gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, asiiguse shayiri ya aina yoyote, iwe kimea, chai au shurba.

Bei ni nafuu, gramu 500 hazijawahi kunifikisha yuani 20. Kasoro yake kubwa ni uhifadhi. Mwezi wa Machi hapa kuta zinatoa maji kwa unyevu, na mfuko wangu wa kwanza uliota ukungu, nikautupa wote. Wa pili uliingia fukusi. Siku hizi nanunua gramu 100 tu kwa safari, naweka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, ndani ya friji, na kabla ya kutumia nanusa. Kikinukia kama nafaka iliyokaangwa natumia. Kikinukia chumba kilichofungwa, namwaga.