Waliotupangia upya eneo la kiwanda cha mbao, Moshi: nyota nne

Ndugu na majirani wameniuliza sana kuhusu wale wapanga miji waliotuchorea eneo la kiwanda cha mbao cha marehemu babu, hapa Moshi, upande wa chini wa reli. Jina lao silitaji kwa sababu nina malalamiko nao pia. Nawapa nyota nne.

Ukoo ulikuwa na mawazo mengi kuliko pesa. Baba mkubwa alitaka ghorofa la kupangisha. Binamu zangu wa Dar walitaka fremu za maduka barabarani. Shangazi alitaka miti na mahali pa watoto kucheza, na maseremala waliobaki pale walitaka tu wasifukuzwe. Hati inasema viwanda, kwa hiyo bila halmashauri kuidhinisha mabadiliko ya matumizi, yote hayo ni porojo za kikao.

Walipokuja mara ya kwanza hawakufungua kompyuta. Dada mmoja, mtaalamu wao wa mazingira, alisalimia wazee kisha akauliza: "Nguzo mlikuwa mnazitia dawa wapi?" Kimya. Baba mdogo ndiye aliyemzungusha nyuma ya godauni, kwenye lile tangi refu la chuma na sakafu ya zege iliyoingia ukijani. Sisi tumecheza pale utotoni, hakuna aliyewahi kutukataza. Dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki, ndiyo maana mchwa hagusi nguzo. Aseniki haiozi, kiwanda kikifungwa yenyewe inabaki udongoni. Na Moshi ni mteremko: masika ikipiga, maji ya upande wetu yanashuka kuelekea kwenye mpunga wa Mabogini.

Wakatoboa vishimo eneo zima, wakatia udongo kwenye mifuko yenye namba na kuupeleka maabara. Ankara ya maabara ilifika kabla hatujaona hata mstari mmoja wa mchoro. Baba mkubwa alinuna. "Yaani nalipia matope?" Akalipa. Majibu yalionyesha sumu imejikusanya kuzunguka tangi na kufuata mfereji hadi getini, na upande wa barabara ni safi.

Hapo ndipo hela yetu ilipoanza kurudi, maana mchoro wote ulifuata majibu hayo. Nyumba na fremu zikakaa upande safi. Udongo mbaya zaidi utachimbwa na kuondolewa na mwenye kibali cha taka hatarishi, panapobaki patafunikwa kwa zege pawe maegesho ya bajaji na uwanja wa kupangia mbao. Bustani ya mboga ikahamishwa mbali kabisa na mfereji. Shangazi alilalamika jua la mchana litaiua, akaongezewa miti. Godauni lenyewe halivunjwi. Kenchi zake za mbao ngumu bado nzima, na kwa urefu wa paa lile hewa inapita hata joto la Februari linavumilika, hivyo maseremala wanabaki humo humo. Kibanda cha ofisi tu ndicho kina vigae vya asbesto. Walitukanya tusimwachie fundi wa mtaani akaving'oa kwa nyundo: vinaloweshwa, vinashushwa vizima, vinafungwa.

Nilipenda pia kwamba mifano ya Ulaya hawakuileta kwa kutambia. Walituonyesha Hammarby Sjöstad ya Stockholm, eneo la zamani la viwanda na bandari, ambako udongo ulisafishwa kabla ya watu kuhamia na taka zinavutwa na hewa ndani ya mabomba chini ya ardhi. Baba mdogo akauliza umeme ukikatika zinavutwa na nani. Wakacheka, wakakiri kwamba kwetu mapipa matatu na gari la manispaa vinatosha. Mfano wa BedZED, kusini mwa London, ndio ulionifaa zaidi. Ulikamilika mwaka 2002, nyumba na sehemu za kazi pamoja, na ulitegemea mtambo wa kuzalisha umeme na joto kwa vipande vya mbao. Mtambo ukasumbua mpaka ukazimwa. Binamu yangu mmoja alikuwa ameshaanza kupigia hesabu umeme wa maranda yetu. Akatulia.

Kwenye picha zao za rangi, watu wote wanatembea na mabegi mazuri chini ya miti na hakuna anayekula. Nikauliza mama lishe yuko wapi, maana maseremala hawaishi kwa kivuli. Wakaongeza jiko lenye paa karibu na geti, na bomba la maji.

Sasa nyota iliyopotea. Sura ya maji taka kwenye ripoti yao ilikuwa imenakiliwa kutoka kazi nyingine, tena bila aibu: ilitutaka tukinge misingi dhidi ya chumvi ya bahari. Moshi! Humo humo ikasema tutaunganishwa na bomba la maji taka, bila mtu kuuliza MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, kama bomba linafika. Tuliandika barua, wakakaa kimya muda mrefu, mwishowe wakaleta sura mpya yenye matangi ya kutulizia maji taka na bwawa la matete la kuyasafisha. Hiyo mpya ni nzuri. Ingekuja hivyo tangu mwanzo tusingekosa kikao cha halmashauri.

La pili ni faili. Tumepewa michoro ya kuchapisha tu, na mpima ardhi anataka ile ya kompyuta inayoharirika. Wanasema ni malipo ya ziada, mkataba haukutaja. Ukiwaendea, hakikisha faili hilo limeandikwa kwenye mkataba kabla ya awamu ya kwanza ya malipo, na omba huyo dada wa mazingira kwa cheo, maana kijana waliyemtuma mara ya pili hakulijua hata lile tangi.