Uzi wa pamba Kariakoo: mzuri, ila nunua wote siku moja

Nilichukua madonge matano ya uzi mwembamba wa pamba, rangi ya maziwa, kwenye kiduka kimoja Kariakoo, nimfumie mama mkwe shali ya matundumatundu. Uzi hauna manyoya, kila tundu linaonekana. Na kwa joto hili la Dar, sufu ya nini? Katikati nilifuma raha mustarehe. Pindo ndilo lililonitesa: yale mawimbi yanakula uzi, donge la tano likaishia kona ya tatu. Nikarudi. Muuzaji akaniapia, "Dada, rangi ni ileile." Kufika juani, donge jipya ni manjano! Nikafumua pindo lote, nikafuma jembamba zaidi ili uzi wa mwanzo utoshe. Lakini nilipoilowesha shali na kuibana kwa pini juu ya godoro, lo, ilitanuka kama utando wa buibui.